Na Nani?

Ijumaa ya tarehe 5 Julai 2024 nilikuwa nyumbani Voi, nimeketi na baba mbele ya televisheni, nikimtafsiria hotuba ya Rais. Baba si mgeni wa Kiingereza. Alikuwa dereva wa ofisi moja ya serikali jijini Nairobi kwa miaka mingi, na alikisikia kila siku kutoka kiti cha nyuma. Lakini Kiingereza cha bajeti kina mambo yake, basi kila Rais alipovuta pumzi, mimi nilitia Kiswahili.

Siku kumi zilikuwa zimepita tangu vijana wa rika langu wapigwe risasi na kufa mjini, siku ile waandamanaji walipoingia Bungeni. Mswada wa Fedha wa 2024, uliokusudiwa kukusanya shilingi bilioni 346, ulikuwa umeondolewa. Sasa Rais William Ruto alikuwa akieleza jinsi pengo litakavyozibwa: bilioni 177 zitapunguzwa kwenye matumizi, bilioni 169 zitakopwa. Mashirika 47 ya umma yatavunjwa. Washauri watapunguzwa kwa nusu. Bajeti ya ofisi ya mke wa Rais itafutwa. Ununuzi wa magari mapya ya serikali utasitishwa kwa miezi 12.

Baba alikuwa kimya mpaka tulipofika kwenye magari.

"Utasitishwa na nani?" akauliza.

Nilidhani hakusikia vizuri, nikarudia sentensi. Naye akarudia swali.

Nasomea shahada ya uzamili katika fasihi ya Kiswahili. Darasani nimefundishwa kwamba ukisoma matini yoyote, umtafute kwanza anayesema na anayetenda. Jioni ile sikuwa nimemtafuta yeyote. Nilikuwa nimetafsiri dakika kadhaa za kauli ya kutendwa bila kushtuka: yatavunjwa, watapunguzwa, itafutwa. Mtu aliyeendesha gari maisha yake yote ndiye aliyeniuliza usukani umeshikwa na nani.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikizisoma hotuba hizi kama utanzu. Hotuba ya kubana matumizi ina kanuni zake, kama ngano inavyoanza na hapo zamani za kale. Kwanza msemaji hukiri kwamba amewasikia wananchi. Pili hutaja vitu vinavyoonekana kwa macho: magari, safari, ukarabati wa ofisi. Tatu hubadilisha sarufi. Serikali inapopunguziwa, kitenzi hakina mtendaji. Mwananchi anapotakiwa kuvumilia, "tu-" huingia mbio: tufunge mikanda, tujitolee, tusonge mbele pamoja. Ukitaka kujua nani atalipa, fuata kiambishi.

Baba aliwahi kuishi ndani ya hotuba ya namna hii. Mnamo Juni 2009, Uhuru Kenyatta, wakati huo Waziri wa Fedha, alitangaza kwamba mawaziri wangeachana na magari makubwa na kutumia yenye injini isiyozidi cc 1800. Ndipo Volkswagen Passat zikaja. Baadhi ya mawaziri waligoma, wakisema magari hayo hayangefaa kwa barabara mbovu za mashambani. Baba anakumbuka yadi ya ofisi yao: magari makubwa yamefunikwa turubai, na madereva wakibahatisha yatafunuliwa lini. "Gari dogo likaja," husema, "halafu likatafutiwa kubwa la kulifuata nyuma, eti la mizigo."

Hadithi haikuishia hapo. Machi 2014, Uhuru akiwa Rais na Ruto akiwa Naibu wake, walitangaza kwamba wangekatwa asilimia 20 ya mishahara yao. Watu wakashangilia kidogo. Miaka kumi baadaye Naibu yule alikuwa Rais, na hotuba ikaanza upya. Ukiziweka hotuba tatu pamoja, utaona zinarithishana vitu na msamiati. Kisichorithishwa ni hesabu ya ahadi iliyotangulia. Sikusikia Julai ile sentensi iliyosema: mara ya mwisho tuliahidi hivi, tukatimiza hiki, tukashindwa kile.

Kuna jambo jingine nililoling'amua nilipoirudia orodha ya 2024. Rais alisema pia kwamba uteuzi wa makatibu waandamizi wa wizara, wale wanaojulikana kama CAS, umesitishwa. Lakini Mahakama Kuu ilikuwa imeamua mwaka mmoja kabla, Julai 2023, kwamba nafasi 50 za makatibu hao zilibuniwa kinyume cha Katiba. Ni kama mtu kukutangazia kwamba ameamua kutokula chakula ambacho tayari kimeondolewa mezani.

Hata hivyo, shaka yetu nayo inastahili kuhakikiwa. "Wote ni wezi" ni kauli ninayoisikia kwenye matatu, kwenye maktaba, hata mezani kwetu. Inapendeza kuitamka, lakini ni kauli tupu kama "matumizi yatapunguzwa." Haina jina, haina tarehe, haina kiasi. Zaidi ya hayo, mwanasiasa haiogopi. Ukishasema wote ni wezi, huna haja tena ya kumkagua yeyote, naye anapata usingizi.

Shaka ya baba ni ya namna nyingine. Haikatai kuamini, inadai risiti. Nayo inafanana na kazi bora ya rika langu mwaka ule. Kabla ya kwenda barabarani, vijana walikuwa wameuchambua Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu na kuueleza mtandaoni kwa lugha za mama zao, hadi bibi aliyeko kijijini akajua kodi ya mkate ni jambo gani. Huo ulikuwa uhakiki, ingawa hakuna aliyeuita hivyo.

Ndiyo maana naona tulikosa kuendelea. Tuliusoma mswada kwa makini, lakini hotuba iliyofuata tuliicheka tu. Tuliyatazama magari, ambayo hata yangeuzwa yote yasingelipa deni la nchi, tukazipita zile bilioni 169 za mkopo. Pale mtendaji hakuhitaji kutafutwa. Zitalipwa na sisi.

Hotuba ilipokwisha, baba aliomba kalamu. Akainuka hadi kwenye kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi iliyotundikwa karibu na mlango, akaandika pembeni, kwa herufi kubwa za mtu asiyeona vizuri: MAGARI, MIEZI 12. Kisha akanigeukia.

"Sasa niambie jina la wa kuulizwa, niandike."

Nilifungua simu nikatafuta. Nilitafuta hadi chai ikapoa, nikapata ofisi nyingi na jina hata moja la kumpa sikupata. Kalenda ile ya 2024 hajaitoa ukutani. Nafasi ya jina bado iko wazi.