Masala Kulangwa: Jina na Tafsiri Yake

Msomaji wa pwani akutanapo na jina Masala, pua yaweza kutangulia akili: hunusa viungo vya pilau. Kwa Wasukuma wa Shinyanga na Geita, masala ndiyo akili yenyewe, na Masala Kulangwa ni shujaa wa ngano ambaye hata leo watoto huitwa kwa jina lake.

Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yao. Alisalimika mja mzito mmoja aliyejificha ndani ya makapi, akajifungua mtoto wa kiume. Mtoto alipopata fahamu aliuliza: baba yuko wapi? Alipoambiwa, akaenda kuwinda. Alimletea mama panzi, akauliza kama ndiye aliyemmeza baba. Siye. Akaleta windo kubwa zaidi, kisha jingine, hata akaliua zimwi na kulipasua, watu wakatoka wazima.

Tafsiri zilizozoeleka humwita "mwerevu" au "mkombozi". Mapadre Joseph Healey na Donald Sybertz, katika kitabu chao cha 1996 kuhusu teolojia ya masimulizi ya Kiafrika, walimsoma kuwa mfano wa Kristo. Sivikatai visomo hivyo, ila vimeangusha silabi moja njiani. Kulanga ni kufundisha. Kulangwa ni kufundishwa. Ni kauli ya kutendwa, kama yetu. Senkatana wa Wasotho alizaliwa na papo hapo akawa mtu mzima. Masala alianza kwa panzi, akakosea, akasahihishwa na mama.

Visiwani tunayo ngano iliyo ndugu ya hii, ya Sultani Majinuni, aliyoichapisha Edward Steere mwaka 1870. Kijana naye huua mnyama baada ya mnyama, na kila mara huambiwa siye nunda. Lakini yeye ni mkaa jikoni tu, jina la mahali alipokaa. Kisa tunacho, jina linalokifasiri wanalo Wasukuma.

Ningeombwa kulitafsiri, ningeandika "Akili ya Kufunzwa", na shahidi wangu ni mwisho wa ngano. Alipolipasua zimwi, kijana alimkata sikio bikizee mmoja aliyekuwa ndani. Bikizee akaghadhibika, akataka kumroga. Kijana akatafuta dawa, akamponya, ndipo akatawazwa. Mkombozi asiyefundishika angeliona sikio la bikizee kuwa jambo dogo.