Karatasi katikati, kompyuta pembeni

Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi waliingia Tandale, Dar es Salaam, na vifaa vya GPS vya mkononi. Kwenye ramani huria ya OpenStreetMap, Tandale ilikuwa karibu tupu wakati huo, ingawa maelfu ya watu walikuwa wakiishi humo. Wanafunzi na wakazi waliijaza pamoja, na mafunzo yakagusa pia uandishi wa habari za mtaa kwa ajili ya mtandaoni.

Wanaoisimulia kazi ile hupenda kusifia programu. Mimi nasifia jinsi watu walivyopangwa. Vikundi vilichanganya mwanachuo wa mipangomiji na mkazi wa Tandale. Wa kwanza anajua kusoma picha ya setilaiti; wa pili anajua kichochoro kipi hakipitiki masika na choo kipi ni cha kulipia. Ukiwatenganisha, mmoja atachora mapaa yasiyo na maana, na mwingine atabaki na maarifa yasiyofika kwenye kompyuta.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mchana kifaa kinarekodi njia mnayopita. Mkifika kwenye bomba, mmoja anabonyeza na kifaa kinatoa namba. Mwenzake anaandika daftarini: 042, bomba, la kulipia, koki mbovu. Jioni namba zinaingizwa kwenye JOSM, programu ya kuhariri ramani ambayo haidai intaneti mpaka mtakapopakia. Hapo ndipo uzembe wa mchana unapoumbuka, maana kifaa kinaonyesha alama 60 na daftari lina mistari 57. Zile tatu zinazopungua hakuna programu itakayozibuni. Kesho yake mnarudi mtaani.

Mwaka 2015 ukaja mradi mkubwa zaidi, Ramani Huria, ulioshirikisha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Benki ya Dunia na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wa Ardhi, kuchora kata zinazofurika. Ulitumia pia ndege zisizo na rubani. Kwangu, zana ya maana zaidi ilikuwa Field Papers. Unachapa kipande cha ramani kwenye karatasi chenye msimbo pembeni, unatoka nacho na kalamu, unaandika juu yake, kisha unakipiga picha na kukipakia. Msimbo unaiambia kompyuta kipande hicho ni cha wapi, na maandishi yako yanakaa mahali pake chini ya ramani, tayari kwa kuchorwa.

Sasa njoo Nyasubi, kata ya Manispaa ya Kahama. Sekondari ya hapa ikitaka klabu ya habari, kikwazo cha kwanza si bando. Mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu shuleni. Ushauri wote wa "kila mwanafunzi arekodi kwa simu yake" unafia getini. Ndiyo maana njia ya karatasi inatufaa kuliko inavyowafaa wenye vifaa vingi: wanafunzi 20 wanaweza kuwa mtaani na kalamu, na kazi yote ya kidijiti ikafanywa na simu moja ya mwalimu na kompyuta mbili za maabara.

Mada haiko mbali. Mgodi wa dhahabu wa Buzwagi hapa Kahama, uliofunguliwa 2009, ulifungwa 2021. Swali la kuuliza mtaani ni jepesi: biashara ipi ilikuwepo mgodi ukifanya kazi, ipi imefunga, ipi imegeuka kitu kingine? Gereji, gesti, mama lishe, duka la vifaa vya uchimbaji.

Kabla ya kutoka, fungua jedwali la Excel lenye safu tano tu: namba ya kipande, nani anakwenda, nani anaandika, tarehe, kimerudi au bado. Ukiongeza safu ya sita hakuna atakayeijaza, naongea kama mtu aliyewahi kukagua majedwali ya wanafunzi. Vipande vichapwe kwa kipimo cha 1 kwa 2,000, ambapo sentimita moja ni mita 20. Karatasi ya A4 inabeba hapo takribani mita 590 kwa 420, eneo ambalo wawili wanalimaliza kabla jua halijawa kali. Ukichapa eneo kubwa zaidi kwenye karatasi hiyohiyo, vibanda viwili vinavyopakana vinakuwa nukta moja. Badala ya Field Papers mnaweza kutumia Sketch Map Tool ya watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, inayotambua alama za kalamu za rangi kwenye picha ya karatasi.

Sauti ije mwishoni. Baada ya karatasi kurudi, klabu inavipa namba vituo vilivyoandikwa, inachagua vichache vyenye kisa, na mwalimu anavirudia na simu. Faili iitwe kwa namba ya kituo, 017_gereji, si "Sauti mpya 4". Audacity inatosha kukata. Ni ya bure na inafanya kazi kwenye kompyuta za zamani.

Kuchapisha ndiko kunakohitaji akili ya mtu mzima. Tangu 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zinataka leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) kwa wanaotoa habari mtandaoni, kwa hiyo klabu isikimbilie kufungua televisheni ya YouTube. Sauti zipelekwe kwenye redio iliyokwishasajiliwa, kama Huheso FM ya hapohapo Kahama, na ramani ibandikwe kwenye gazeti la ukutani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo ipo. Ramani iseme "gesti, imefungwa", bila jina la mwenyewe wala namba yake ya simu. Anayetaka kutajwa redioni aulizwe kabla ya kurekodiwa, na jibu lake liwe sekunde za kwanza za faili.