Kuzama na Kuingia: Kazi ya Turrell katika Chuo Kikuu cha Rice

Sanaa ambayo mtazamaji huingia ndani yake, badala ya kusimama mbele yake, yahitaji jina la Kiswahili. Neno lijalo upesi kinywani ni kuzama. Lakini lina kasoro. Chombo kizamacho hupotea, na mwanafunzi aliyesongwa na mitihani amekwisha kuzama katika mawazo yake. Haifai kumzamisha mara ya pili kwa kisingizio cha kumtuliza.

Jambo hili hudhihirika katika Twilight Epiphany, kazi ya James Turrell, Mmarekani aliyesoma saikolojia ya utambuzi kabla ya kujulikana kwa sanaa ya mwanga. Ilifunguliwa mwaka 2012 katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Rice, mjini Houston. Ni kilima cha majani kilichojengwa, juu yake paa jembamba la mraba lenye tundu la futi 14 kila upande, na nafasi ya watu 120 kuketi. Jua lichomozapo na lituapo, taa hulivika paa rangi zibadilikazo polepole, hata kipande cha mbingu kionekanacho tunduni nacho hudhaniwa kugeuka rangi.

Sifa ya kazi hii ni kwamba haimfichi mtu ulimwengu. Haina kisa cha kufuatwa wala fumbo la kufumbuliwa. Mwanafunzi, ambaye kutwa huulizwa, hapa haulizwi kitu. Tena saa yake ni ya jua, si ya ratiba ya masomo, na hapana awezaye kuiharakisha.

Hata hivyo yapasa kujihadhari na madai makubwa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel uliotangazwa mwaka 2016 ulipima kotisoli, homoni iongezekayo wakati wa mfadhaiko, katika mate ya watu wazima 39. Baada ya dakika 45 za kufanya sanaa, ilipungua kwa yapata robo tatu yao. Lakini hao walitenda kwa mikono yao; hawakuketi kutazama. Ushahidi wa mtendaji hauwezi kuazimwa na mtazamaji. Na chuo kijengacho mahali pa mwanga pasipo kupunguza mzigo uwalemeao wanafunzi, kimewapa kivuli tu. Mzigo ungali njiani ukiwangoja.

Basi na iitwe sanaa ya kuingia. Azamaye huokolewa na wengine. Aingiaye hutoka mwenyewe, na macho yake yamepumzika.