Neno Lililokosekana: Lugha ya TANU Kutoka Chama Hata Serikali

Kuinuka kwa TANU kumekwisha andikwa mara nyingi kwa upande wa viongozi, wa katiba na wa uchaguzi. Upande wa lugha huguswa kwa juu juu, tena kwa sifa tu: kwamba Kiswahili kiliwaunganisha watu wa makabila zaidi ya 120 na kukifikisha chama katika madaraka. Sifa hiyo ni ya haki, ila sifa peke yake si uhakiki. Lugha iliyofaulu kiasi hicho yapasa kuulizwa pia ni jambo gani ilishindwa kulitamka.

Chama kilizaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, kikirithi jumuiya ya Waafrika iliyoanza mwaka 1929 na ambayo sauti yake haikuvuma mbali. Miaka saba baadaye, tarehe 9 Desemba 1961, ndicho kilichopokea nchi. Katika sababu za mwendo huo wa haraka, mojawapo haikukusudiwa na mtu. Serikali ya kikoloni iliwakataza watumishi wake kujiunga na chama. Kwa hiyo wengi wa wale waliojua Kiingereza walifungwa midomo, na kazi ya kuhubiri ikawaangukia wachuuzi, madereva, wakulima, na wanawake wa vyama vya ngoma na wapishi wa pombe waliokusanywa na Bibi Titi Mohamed kuanzia mwaka 1955. Hao hawakuwa na istilahi za vitabuni. Walichukua maneno ya mtaani wakayapanua.

Neno chama lenyewe lilikuwa la watu wa ngoma na wa kusaidiana kabla ya kuwa la watu wa siasa. Siasa nayo, katika matumizi ya kale, ilikuwa na maana ya upole na uangalifu. Mtu aliambiwa afanye jambo kwa siasa, asije akaliharibu. Uhuru lilikuwa neno zito kupita yote. Pwani, huru alikuwa kinyume cha mtumwa, na kuandikwa huru kulikuwa kutolewa utumwani. Msemaji aliyelitamka Jangwani au Mnazi Mmoja hakuhitaji kulieleza. Kumbukumbu ya wasikilizaji ilimaliza nusu ya hotuba yake. Hapo ndipo ulipo ustadi wa lugha ya TANU: haikuwafundisha watu fikira ngeni kwa maneno mageni, bali iliwafanya waone kwamba fikira hiyo walikuwa nayo tangu zamani.

Neno la pili kwa uzito ni mwananchi. Raia ni neno lenye kunusa utawala, maana raia huwa na mtawala juu yake. Mwananchi ni mtoto wa nchi, naye hana haja ya kuomba ruhusa ya kukaa kwao. Lakini mtoto wa nchi ni nani? Neno lilikuwa tamu kwa kuwa halikulijibu swali hilo. Zuberi Mtemvu alilijibu kwa ukali. Mkutano wa Tabora wa Januari 1958 ulipokubali chama kishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, alijitenga akaunda chama chake cha Congress. Julius Nyerere alijibu kinyume, akasimama bungeni Oktoba 1961 kutetea uraia usiotazama rangi. Hata hivyo TANU yenyewe haikuwafungulia mlango wa uanachama wasio Waafrika mpaka mwaka 1963. Kwa muda wote huo neno moja lilibeba maana mbili zisizopatana.

Hapa ndipo upungufu unapoonekana. Ikiwa chama ni cha wananchi wote, asiyekubaliana nacho ataitwa nani? Lugha ilimpa jina moja tu, mpinzani, na jina hilo linatoka katika kupinga, yaani kuweka kitu kukingama njiani watu wasipite. Pingamizi ni nduguye. Mwenye kuitwa hivyo amekwisha hukumiwa kabla hajasema. Kura nayo zamani ilikuwa ya bahati nasibu, na kabla haijapata kuwa ya hiari ikawa ya umoja. Katika uchaguzi wa mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na viti 58 havikugombewa kabisa. Aliyeshinda kiti kilichobaki, Herman Sarwatt wa Mbulu, alikuwa mwanachama wa TANU aliyemshinda mgombea rasmi wa chama chake. Je, aitwe mpinzani? Lugha haikuwa na jina la mtu wa namna yake.

Yamkini kusemwe kwamba wingi wa kura ni ushahidi wa mapenzi ya watu. Ni kweli, Mtemvu alipogombea urais Novemba 1962 hakufikisha hata asilimia 2. Lakini ushahidi wa mwaka 1965 wafaa kuwekwa kando ya huo. Chama kimoja kilipokwisha kuwa sheria, wagombea wawili wa chama hicho hicho walisimamishwa katika majimbo mengi, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Wapiga kura wakawaangusha wabunge wengi, na mawaziri kadhaa miongoni mwao. Watu hawakukosa nia ya kukataa. Walilokosa ni neno la heshima la kukataa, na walipopewa picha mbili waliitumia picha mahali pa neno.

Sheria iliporudisha vyama vingi mwaka 1992, upinzani ulirudi na mzigo wake wa zamani, kwa maana miaka 30 ilikuwa imepita bila mtu kuutua. Uhuru, chama na mwananchi ni maneno yaliyofanyiwa kazi kubwa na watu wasio na elimu kubwa. Neno la nne halikufanyiwa kazi hiyo na mtu ye yote, na wataalamu wa lugha hawawezi kujitoa katika lawama hiyo.