Mkono Usio na Haraka

Mkandaji hodari haanzi kwa kukanda. Huweka kiganja mgongoni mwa mzazi, akakiacha hapo mpaka mabega yashuke yenyewe. Katika nyumba nyingi za pwani yetu, mwanamke aliyejifungua hukaa ndani siku 40, na mkandaji huja na mafuta ya nazi yaliyopashwa moto kidogo, maji ya moto na kitambaa cha kukandia.

Huanza miguuni, akapanda hadi kiunoni. Mgongoni hukawia, maana uzito wa mimba ulielemea hapo, na kuinama kunyonyesha kumeongeza wake. Tumboni mkono huwa mwepesi kabisa. Mji wa mimba huchukua wiki 6 hivi kurudi ukubwa wake, na haurudishwi kwa mabavu. Baadaye tumbo litafungwa mkaja.

"Nikikuumiza sema, mwanangu."

"Hapohapo, bibi."

Wapo wanaojivunia nguvu za vidole, wakidhani mzazi akipiga kelele ndipo dawa imeingia. Hao siwasifu. Ngozi yenye vinyweleo ina neva nyembamba zinazoitikia mguso wa taratibu. Watafiti wa Sweden walizipima, wakaona huitikia vizuri zaidi mguso ukienda kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde. Ukizidisha mbio, mwitikio hufifia. Mkandaji hana rula wala saa. Ana mguno wa mzazi, na unamtosha.

Ustadi wake mwingine ni kujua pa kutogusa. Kovu bichi la upasuaji huliacha. Shavu la mguu mmoja likivimba, likawa na joto na maumivu, halikandi hata akibembelezwa: huenda damu imeganda mshipani, na donge hilo likibanduka laweza kufika mapafuni. Hapo huamuru gari litafutwe, mzazi apelekwe hospitali, kama afanyavyo akiona homa kali au damu inayotoka kupita kiasi. Kwangu mimi, mkandaji asiyejua kusema "hili si langu" hajahitimu, hata awe amerithi kazi kwa bibi yake.

Jirani, mawifi, shoga wa zamani, wote huja kumwona mtoto. Humpakata, hubishana amefanana na nani, wakanywa chai. Mkandaji amekuja kwa ajili ya mama. Mtoto akilia, humwita shangazi amchukue, naye akaendelea na bega la kushoto.