Jasusi Asiye na Bastola

Zipo picha zinazozeeka pamoja na watazamaji wake, na zipo chache ambazo kila kizazi kikizikuta huziona mpya. *Enter the Dragon*, iliyoongozwa na Robert Clouse na kutoka mwaka 1973, imo katika hizo chache. Katika vibanda vya video vya Mwanjelwa mjini Mbeya na Kihesa mjini Iringa imepita kwa kanda, ikapita kwa diski, na sasa, vibanda vingi vilipokwisha kugeuzwa vya kuonyeshea mpira, inapita kutoka simu hadi simu. Watu huiita picha ya Bruce Lee, au picha ya ngumi tu. Naona jina hilo limeifunika. Hii ni picha ya ujasusi, tena miongoni mwa zilizo bora kabisa, na aghalabu kinachowarudisha watu mbele yake ni ule ujasusi.

Tuutazame msuko wake. Lee, mwanafunzi wa hekalu la Shaolin, anafikiwa na Braithwaite, bwana wa Kiingereza anayewakilisha idara ya upelelezi isiyotajwa jina. Anatakiwa aingie kisiwani kwa Han, tajiri anayeuza dawa za kulevya na kuuza wanawake, akijifanya amekwenda kushindana. Aliyeiona *Dr. No* ya mwaka 1962 atautambua mkopo mara moja: kisiwa kilichojitenga, tajiri mwenye mkono wa bandia, pango la siri chini ya ardhi. Hata muziki ni wa Lalo Schifrin, yule yule aliyeutunga mlio mashuhuri wa *Mission: Impossible*.

Kilichoondolewa katika mkopo huo ni bastola. Lee mwenyewe anauliza: kwa nini asitumwe mtu akampige Han risasi, mambo yakaisha? Anajibiwa kuwa Han haruhusu bunduki kisiwani kwake. Jibu hilo fupi ndilo linaloigeuza picha nzima. James Bond huingia kazini na gari, na saa yenye hila, na nyuma yake ofisi nzima ya wahunzi. Lee huingia na nguo nyeusi, kamba, na nyoka aliyemkamata njiani, ambaye baadaye anamwachia katika chumba cha mitambo ili walinzi wakimbie, naye apate kupeleka ujumbe.

Mwaka mmoja baadaye, 1974, Elvis Musiba alitupa jasusi wetu wenyewe, Willy Gamba, katika *Kufa na Kupona*. Gamba alikuwa na kila sababu ya kupendwa Mbeya. Anapigania siri za ukombozi wa Afrika, na Mbeya iko juu ya barabara ile ya Zambia ambayo harakati za ukombozi ziliipita kwenda kusini. Na kweli alisomwa, akapendwa. Lakini Gamba ni mtu wa ndege na hoteli, na bastola i kwapani. Kijana wa Kihesa aliweza kumsoma, asiweze kumwigiza. Lee aliigizwa jioni ile ile, katika uwanja wa nyuma ya shule, bila ya kununuliwa chochote. May Joseph, katika kitabu chake *Nomadic Identities* cha mwaka 1999, ameliandika jambo hili kuhusu vijana wa Dar es Salaam wa miaka ya Ujamaa: katika picha za kung fu waliuona mwili uliofunzwa kujitegemea, usiohitaji mali. Nakubaliana naye, ila Nyanda za Juu zina la kuongeza. Reli ya TAZARA ilijengwa na Wachina na Waafrika bega kwa bega tangu mwaka 1970 hadi 1975, ikapasua milima ya Mlimba na kutokea Makambako, iliyokuwa wakati ule ndani ya mkoa wa Iringa, kisha Mbeya. Kwa watu wa huko, Mchina mwembamba, mkimya, asiyechoka, hakuzaliwa na senema. Walikwisha kumwona na sururu mkononi. Kwamba yule wa reli alitumwa na Beijing na huyu wa picha alitoka Hong Kong ya Waingereza, hilo mtazamaji hakulishughulikia, wala sioni kwa nini alishughulikie.

Sasa nifike pale ambapo wahakiki wenzangu wa visiwani hukunja uso. Sisi wa Unguja tulipata televisheni ya rangi mwaka 1973, mwaka ule ule wa picha hii. Bara ilingoja hadi 1994. Kwa hiyo huko Bara kibanda cha video kilikuwa chuo kwa wengi, na mwalimu wake alikuwa yule msimulizi anayeipunguza sauti ya picha na kuweka yake, kwa Kiswahili. Lufufu na DJ Mark ndio waliovuma zaidi, na wapo wengine wengi. Wenzangu husema huu ni uharibifu: maneno yanaongezwa, wahusika wanapewa majina mapya, mizaha inaingia pasipo mahali pake.

Nauliza: Mwengo Athumani alifanya nini kule Pate mwaka 1728, alipoutunga *Utendi wa Tambuka*? Alichukua kisa cha vita vya mbali, vya watu ambao Mpate hakuwahi kuwaona, akakitia kinywani mwa Waswahili kwa mizani yetu. Hatukumwita mharibifu. Tunamwita baba wa tendi. Sisemi kwamba msimulizi wa kibanda ni Mwengo; wengi wao ni wapiga domo, na mizaha yao huchosha kabla picha haijafika nusu. Nasema kazi ni ya namna moja, na inastahili kupimwa kwa kipimo kile kile: je, sauti hii imekifungua kisa, au imekiziba? Tena picha yenyewe haina haki ya kulalamika. Shih Kien, aliyeigiza Han, sauti tunayoisikia si yake. Kiingereza kile ni cha Keye Luke, aliyemtilia maneno. Adui mkuu wa picha hii alikuwa na msimulizi tangu siku ya kwanza.

Katika nakala moja niliyoisikiliza Mwanjelwa, msimulizi alisema juu ya kila kitu: juu ya mapigano, juu ya karamu, hata juu ya mashua. Lee alipoingia katika chumba cha vioo, akauona uso wake umegawanyika mara mia na asijue Han yuko katika kioo kipi, msimulizi alinyamaza. Hakurudi mpaka vioo vilipoanza kuvunjwa. Mshairi anayejua kuiachia pumzi mahali pa kituo angemtambua kuwa ni mwenzake.

Wasimulizi hawa hawahifadhiwi. Diski zinakwaruzika, zinatupwa, na sijaona maktaba yetu inayozikusanya kama tunavyokusanya miswada ya tendi. Ndani yake mna ufafanuzi ambao sisi wa kalamu hatujauandika. Chukua kisa cha Williams, Mmarekani mweusi aliyeigizwa na Jim Kelly. Usiku ambao Lee anatoka kupeleleza, Williams naye yuko nje, akinyoosha viungo. Han anamtuhumu yeye. Williams alimwona Lee, lakini hamtaji, na anauawa kwa mkono wa chuma. Kwa maneno mengine, mtu asiye na hatia anakufa kwa kazi ya jasusi wetu, na picha inapita juu yake kwa haraka ya kutia aibu. Lee hamlilii wala haulizi. Ni doa kubwa la picha hii, na wasifu wake wengi wamelipita kimya. Msimulizi wa Mwanjelwa hakulipita. Alirudi kwa Williams mara tatu baada ya kifo chake. Kila Lee alipopiga pigo zito, alitaja kwamba hilo ni la yule mweusi aliyekataa kusema. Hayo hayamo katika mswada wa Michael Allin. Kwangu mimi ni masahihisho halali.

Bruce Lee alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, kabla picha haijaonyeshwa huko. Mwishoni mwake helikopta za jeshi zinafika kisiwani wakati Han amekwisha kufa na wafungwa wamekwisha kufunguliwa. Kule kibandani hazingojwi. Benchi za mbele huanza kuinuka pale mlio wa kwanza wa helikopta unaposikika, na msimulizi, ambaye analijua hilo, huwa amekwisha kuaga.