Nyumba ya Lehman na Njia Panda ya Tenke

Stefano Massini, Les Frères Lehman. Kitabu kiliandikwa kwa Kiitalia mwaka wa 2016, kikatafsiriwa kwa Kifaransa na Nathalie Bauer, kwa wachapaji Globe, mwaka wa 2018.

Mutu anayekaa Tenke anaweza kuuliza: kitabu juu ya banki ya New York kinatuhusu nini sisi? Hapa njia za reli zinakutana: moja inatoka Lubumbashi, moja inapanda kwenda Bukama na Kamina, moja inakwenda upande wa mangaribi kwa Kolwezi, Dilolo, mpaka bahari kule Lobito. Banki kubwa hatuioni. Tunayoyaona ni vilima vya Fungurume, vumbi, na malori yanayobeba shaba. Ni kwa sababu hiyo hasa ninaomba tukisome kitabu hiki, tena tukisome kwa ukali kidogo. Banki ile ilipoanguka, tarehe 15 Septemba 2008, kishindo chake kilifika mpaka katika inchi yetu, na mwandishi hakukisikia.

Tuseme kwanza kitabu ni nini. Massini ni Mwitalia wa Firenze. Habari hii aliitunga kwanza kwa namna ya muchezo. Ulichezwa Milano mwaka wa 2015 chini ya Luca Ronconi, halafu London mwaka wa 2018 chini ya Sam Mendes, na mwaka wa 2022 ulipata tuzo ya Tony kule New York. Kitabu chenyewe ni kinene, nacho kimeandikwa kwa mistari mifupi kama utenzi. Ufaransa ilikipa tuzo ya Médicis kwa upande wa insha katika mwaka wa 2018. Si kitabu cha mutu wa kuandika ovyo.

Habari yake inaanza na kijana Henry, mwana wa muchuuzi wa ng'ombe wa Rimpar katika Bavaria. Mwaka wa 1844 anafika Marekani, anafungua duka la nguo huko Montgomery, katika Alabama. Ndugu zake Emanuel na Mayer wanamufuata, na mwaka wa 1850 duka linapata jina la ndugu wote watatu. Wakulima wa pale hawana feza mukononi, wanalipa kwa pamba. Basi ndugu wale wanaacha nguo polepole, wanashika pamba. Henry anakufa mwaka wa 1855 kwa homa ya manjano. Mwaka wa 1858 wanafungua biro New York, na mwaka wa 1870 wanasaidia kuanzisha soko kubwa la pamba la muji ule. Baadaye ni kahawa, ni reli, ni maduka makubwa, ni ndege, ni sinema. Robert, mjukuu wa Emanuel, anakufa mwaka wa 1969, na baada yake hakuna tena Lehman aliyeongoza nyumba ya Lehman.

Sifa ya kwanza ya kitabu ni hii: kinatuonyesha namna mukono wa mutu unavyokwenda mbali na kitu chenyewe. Kwanza Henry anauza nguo anayoishika. Halafu wanauza pamba wasiyoilima. Halafu wanauza karatasi inayosema kwamba pamba iko pahali fulani. Mwishoni wanauza karatasi inayosema juu ya karatasi ingine. Massini hatufundishi jambo hili kwa hotuba. Anatufanya tuishi ndani ya nyumba ile miaka zaidi ya mia, na tunapoangalia nyuma hatuoni tena ni siku gani kitu kilipotea mikononi.

Sifa ya pili ni habari ya maombolezo. Henry anapokufa, wandugu wanafunga duka, wanakaa chini siku zote saba kama desturi ya Wayahudi inavyotaka. Wengine wanapokufa baadaye, siku zinapungua, mpaka mwishoni nyumba inasimama kwa dakika chache tu, kwa maana soko halingoji. Sisi tunaojua kukaa kwenye matanga tutaelewa mara moja. Mutu asiye na nafasi ya kumulilia ndugu yake amekwisha kuwa muskini, hata akiwa na feza nyingi.

Lakini hapa musomaji ajilinde. Kuna watu ambao, wakisoma habari ya banki na ya Wayahudi pamoja, mara wanarudia masengenyo ya zamani juu ya kabila lile. Kitabu hakiwapi ruhusa. Kadiri ya hesabu ya Massini mwenyewe, nyumba ilianza kupotea ilipoacha desturi za wazee, si kwa sababu ya kuzishika. Na miaka ya mwisho haikuongozwa na jamaa ile. American Express iliinunua nyumba mwaka wa 1984, ikaiacha isimame tena peke yake mwaka wa 1994, na tangu hapo mpaka mwisho mukubwa wake alikuwa Richard Fuld.

Sasa makosa. La kwanza ni juu ya pamba. Alabama ya mwaka wa 1850 ilikuwa inchi ya utumwa. Pamba iliyolipwa dukani ilichumwa na watumwa. Mayer Lehman mwenyewe, katika hesabu ya watu ya mwaka wa 1860, aliandikwa kuwa na watumwa saba. Massini anapita hapo kwa haraka, kama mutu anayepita mbele ya nyumba ya mwenye deni lake. Wahakiki wa Marekani na Uingereza walimulaumu kwa muchezo wake kwa sababu hiyo, na kwa maoni yangu walikuwa na haki. Tunasikia uzito wa pamba, bei yake, njia yake mpaka bahari. Mikono iliyoichuma inabaki kimya.

Kosa la pili ni juu ya kuanguka kwenyewe. Mwandishi anatembea polepole kutoka mwaka wa 1844 mpaka 1969, halafu anakimbia miaka karibu makumi ine kama mutu aliyechelewa gari moshi. Ndiyo kusema musomaji anafunga kitabu akifikiri kwamba banki ilianguka kwa uzee, kama muti unavyoanguka. Sivyo. Ilianguka kwa matendo yanayoweza kuelezwa, na ni vizuri tuyaeleze.

Mwishoni mwa mwaka wa 2007, kwa kila dola moja iliyokuwa yake kweli, Lehman Brothers ilishika mali ya dola karibu 30. Zingine zote zilikuwa za kukopa. Mikopo mingi ilikuwa ya usiku mumoja au ya siku chache, nayo ilifanywa upya kila asubui. Lakini feza zile ziliwekwa katika majumba na katika karatasi za deni za watu waliojenga nyumba, vitu ambavyo haviuzwi kwa siku moja. Wanawake wetu wanaofanya likelemba wanaelewa hatari hii bila kufundishwa. Likelemba inasimama kwa sababu kila mumoja anaamini kwamba mwenzake ataleta fungu lake siku iliyowekwa. Mumoja akianza kuwa na mashaka, anazuia lake. Wa pili anamuona, anazuia vilevile. Na aliyekuwa na zamu ya kupokea anabaki mikono mitupu, hata kama hakuiba kitu. Ndivyo ilivyokuwa: wakopeshaji waliogopa, wakakataa kukopesha tena asubui. Siku tatu, tangu tarehe 12 mpaka 14 Septemba, wakubwa wa mabanki walikaa New York kutafuta mununuzi. Hakupatikana, na serikali ya Marekani haikuikomboa. Banki ilikuwa na mali ya dola miliari 639 katika vitabu vyake, na madeni ya miliari 613. Siku ya pili baadaye, kompani ya bima AIG iliokolewa kwa mukopo wa dola miliari 85.

Tena kulikuwa na uongo. Anton Valukas, aliyewekwa na tribinali kuchunguza, alitoa maandiko yake mwezi wa Machi 2010. Alionyesha kwamba, kabla ya kutangaza hesabu, banki ilitoa mali yake kwa siku chache kama imeuzwa, ili deni lionekane dogo, halafu ikairudisha. Katikati ya mwaka wa 2008 kiasi kilichofichwa namna hiyo kilikuwa karibu dola miliari 50. Katika kitabu cha Massini hatupati hata kidogo ladha ya jambo hili. Anatuonyesha jamaa inayosahau desturi, hatuonyeshi karani anayebadili hesabu. Kwa mwanafunzi anayejifunza kupima matendo ya watu, tofauti hiyo ni kubwa: kusahau kunaleta huzuni, lakini kudanganya kunaleta hatia.

Kosa la tatu ndilo linalotugusa sisi. Mwezi wa Julai 2008, tani moja ya shaba katika soko la London ilipita dola 8,800. Mwisho wa Desemba ilikuwa chini ya dola 3,000. Katanga ya wakati ule ilikuwa imejaa kompani kubwa na ndogo, viwanda vidogo vya kuyeyusha mawe, wachuuzi wa mawe, na wachimbaji wa mikono wengi sana. Kwa miezi michache viwanda vidogo vilifunga milango, na wenye vingine walikwenda zao bila kulipa watu. Kompani ya Anvil ilisimamisha mugodi wa Dikulushi. Mawe yaliyochimbwa hayakupata wanunuzi. Franka ya Kongo, iliyokuwa karibu 560 kwa dola moja katikati ya mwaka wa 2008, ilipita 800 katika mwaka wa 2009, na hata mama asiyejua jina la Lehman alilijua kwa bei ya unga wa bukari. Mwezi wa Machi 2009 serikali yetu ilipata kwa FMI mukopo wa haraka wa dola karibu milioni 195, kwa maana feza za kigeni zilikuwa karibu kwisha.

Hapa Tenke na Fungurume kazi haikusimama: Freeport, iliyoshika mugodi pamoja na Lundin na Gécamines, ilitoa shaba ya kwanza mwezi ule ule wa Machi 2009. Lakini Kolwezi tuliona jambo lingine. Katanga Mining, yenye Kamoto, ilikosa feza. Glencore ilikuwa nazo. Ilikopesha, na katika mwaka wa 2009 deni liligeuzwa kuwa hisa, na Glencore ikawa mwenye sehemu kubwa ya kompani. Kule New York vilevile, siku chache baada ya kifo, Barclays ya Uingereza ilinunua kazi ya Lehman ya Marekani. Hili ndilo fundisho ninalolikosa katika kitabu. Massini anauita mwisho wake kuanguka, kama vile wote walianguka pamoja. Sivyo: siku ya shida mali inahama kwenda kwa yule aliyebaki na feza mukononi. Kufikia mwezi wa Februari 2011 shaba ilipita dola 10,000, lakini aliyepoteza duka lake au shule ya watoto wake mwaka wa 2008 hakurudishiwa kitu na bei ile.

Mutu atanijibu: "Unamudai mwandishi mambo yasiyo yake. Anaandika habari ya jamaa moja, si ya ulimwengu muzima." Jibu hilo lina nguvu, nami silidharau. Sitaki sura moja juu ya Tenke katika kitabu cha Mwitalia. Lakini yeye mwenyewe alichagua kuanza na pamba, kitu kinachotoka mikononi mwa watu. Aliyeanza hivyo ana deni la kutuambia mikono ile ni ya nani, mwanzoni na mwishoni.

Na sisi tusijidanganye, tukiweka kila kosa juu ya New York. Bei ya shaba ilianza kushuka mbele ya Septemba. Viwanda vingi vilivyokimbia vilikuwa vinawatumikisha watu vibaya hata siku za bei nzuri. Na inchi yetu haikuweka akiba wakati shaba ilipokuwa juu. Wazee wa hapa walikwisha kuona jambo la namna hii: mwaka wa 1976 kazi ya kwanza ya Tenke-Fungurume ilisimamishwa kabla ya kutoa shaba, kwa sababu bei ilianguka na reli ya Lobito ilikatwa na vita vya Angola. Zaidi ya miaka makumi tatu ilipita mbele ya shaba ya mwaka wa 2009. Musiba ukija mara ya pili kwa njia ile ile, sharti tuulize pia tulifanya nini kati ya mara ya kwanza na ya pili.

Basi shauri langu ni hili. Kitabu kinunuliwe kwa maktaba yetu, na wanafunzi wa falsafa wakisome muzima, kwa maana lugha yake ni nzuri na jicho lake juu ya jamaa ni la kweli. Lakini wasikisome peke yake. Pembeni waweke muhtasari wa uchunguzi wa Valukas, na hesabu za bei za shaba za miaka 2008 na 2009. Halafu kila mumoja aende kwa muzee mumoja wa Tenke au wa Kolwezi, amuulize alifanya kazi gani mwaka ule, na ni nani aliyemulipa au aliyekataa kumulipa. Majibu yale yaandikwe na kuhifadhiwa. Ni sura ambayo Massini hakuiandika, nasi tungali na watu wanaoweza kuisimulia.